Nipande Nyasi za Mbuzi Wake au Nyasi za Udongo Wangu?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utacheka basi cheka umalize kabisa ndipo unijibu, maana hata binti yangu nilipomsimulia alicheka mpaka simu ikamponyoka.

Mimi ni mgane, watu huniita Fundi Betri, kwa sababu maisha yangu yote nimekuwa nikifufua betri za magari kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yangu, nikizipasua, nikimwaga tindikali na kutupa vibati vyake papo hapo kama tulivyofanya mafundi wote zamani, na sasa kazi nimeacha lakini uwanja umebaki upara kama kichwa changu, hapamei hata gugu, upepo ukivuma vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria, ndipo nikamwita bwana shamba, akachukua udongo akaupeleka kupimwa, akarudi akasema, "Mzee, hapa pamejaa risasi," akimaanisha yale madini mazito ya ndani ya betri, akanieleza kwamba hayaozi wala hayaondoki kwa maji, dawa yake nichanganye chokaa na samadi nyingi kisha nipande nyasi zenye mizizi mirefu zishike udongo, vumbi lisiruke na mvua isiubebe kwenda kwa jirani, na akashauri vetiva, nyasi ngumu kama fagio, ambazo zikikomaa mbuzi anazinusa na kwenda zake.

Hapo kwenye mbuzi ndipo penye kidonda changu.

Jirani yangu tunamwita Mama Maziwa, naye alifiwa na mumewe, anafuga mbuzi wa maziwa na kuwaita kwa majina kama wanawe, na kila asubuhi akipita nao kando ya wigo wangu husema, "Fundi, umeamkaje?" na mimi siku yangu inakuwa imeshatengenea. Aliposikia nataka kupanda nyasi alikuja na mzigo wa vipande vya mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia mifugo, kichwani, vibichi, amevikata mwenyewe, akasema, "Panda hivi, Fundi, vinaota upesi. Mbuzi wangu watakula kwako, na wewe utakunywa maziwa kwangu."

Mshauri, hayo ni maneno ya nyasi au ya ndoa? Nilitaka kumweleza habari yote ya udongo lakini ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia, kilichotoka ni hiki tu: "Mama, usilete mbuzi wako hapa. Kuna risasi."

Akanitazama, akawatazama mbuzi wake waliosimama kando ya wigo. "Risasi? Kwa mbuzi?"

Nikasema, "Tele kabisa."

Akaondoka hata kwaheri hakusema. Jioni kaka yake, muuza nyama, akaja kuniuliza kwa adabu bunduki naiweka wapi na kama nina kibali, nikaanza kumweleza mambo ya betri, akasema, "Mzee, sikuuliza betri, nimeuliza bunduki," akachungulia uvunguni mwa kitanda changu, akaondoka haniamini. Sasa Mama Maziwa anapitia barabara ya nyuma, salamu hakuna, na vipande vyake nimeviloweka kwenye ndoo, vimeanza kuchipua, kila nikiviona roho inaniuma. Nafikiria nivipande pembeni kidogo tu, aone sikuukataa mkono wake, maana nikijaza vetiva uwanja mzima si ataona nimemfukuza yeye na mbuzi wake? Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi Betri


Fundi, pole sana. Nimecheka, nimemaliza. Sasa nyamaza nikugombeze.

"Pembeni kidogo tu" ndiyo nini? Majani laini juu ya udongo ule ni sumu kwenye sahani. Mbuzi atakula jani pamoja na vumbi lililolikalia, sumu itaingia kwenye maziwa, na maziwa yale wanakunywa watoto wa mtaa mzima. Utamfurahisha mama wa watu kwa kumuulia mifugo?

Ndiyo maana barua yako sikuiacha ingoje siku ya gazeti. Nilikupigia simu siku ileile, na niliyokuambia nayarudia hapa kwa ajili ya wengine wenye viwanja kama chako. Chokaa na samadi kwanza. Vetiva uwanja mzima, kwa mistari iliyobanana, na wigo uzibwe vizuri mpaka zikomae, kwa sababu zikiwa changa mbuzi mwenye njaa hachagui. Mchaichai usithubutu, unafanana nazo, na wapita njia watauchuma wa chai. Mboga ndiyo usahau kabisa.

Ukaniuliza kwa sauti ya mtoto, "Na vipande vyake je?" Nikakujibu umrudishie kwa mkono wako, upitie mlango wa mbele na si kwenye wigo, uzungumze sentensi yenye kichwa na miguu, kisha bwana shamba apime udongo wa nyuma ya banda lake, na ukiwa safi ushike jembe umpandie huko. Umezungumza na wateja maisha yako yote, jirani mmoja akushinde?

Juzi ukanipigia. Kumbe ulianza vibaya: alifungua mlango nusu, ukasema, "Mama, zile risasi si za kupiga," akataka kuufunga, ukaingiza ndoo kwenye mwanya. Hapo ndipo ulimi ukafunguka. Ukamwaga yote kwa pumzi moja, betri, tindikali, vumbi, maziwa, mpaka ukafika kwenye salamu zake za asubuhi na jinsi ulivyozikosa. Akacheka hadi akakaa kizingitini, akamwita kaka yake naye aje asikie. Udongo wake umepimwa, ni safi, na mabingobingo umeyapanda.

Halafu, ukiwa karibu kukata simu, ukanitajia kama jambo dogo kwamba katikati ya kicheko kile Mama Maziwa alikuuliza, "Na wewe uliyeishi na sumu hiyo miaka yote, damu yako umeipima?"

Ndugu yangu, mama huyo hakuuliza mbuzi wake. Ameuliza damu yako! Kaipime wiki hii, usiahirishe, mafundi wa betri wanakihitaji sana kipimo hicho. Amesema atakusindikiza, basi usijifanye kumwambia asijisumbue. Vaa shati lililopigwa pasi, toka nyumbani mapema, na njiani, tafadhali, habari za udongo ziache nyumbani.