Kisanduku cha Laini Mbili

Jumatatu, 4 Novemba

Mae amepokea faksi tena.

Nimetoka kusimamia mtihani wa kidato cha nne, nimechoka, mvua imenilowesha tangu njia panda. Naingia ndani namkuta mama yangu kwenye kochi, mkonga wa simu sikioni, anaongea na ule mluzi. "Edson? Edson mwanangu, sema basi, nakusikia." Faksi ya mteja wa Dar ikakatika katikati. Mteja kakasirika. Na mimi nimekasirika.

Simu mbili, meza moja. Ya kijani ni laini ya nyumba, namba ya marehemu baba yetu, Tata, ukoo mzima unaijua. Nyeusi ni laini ya kazi, ya biashara yangu ya kuchapa na kutuma faksi kwenye chumba cha pili. Nimemweleza Mae mpaka nimechoka: kijani ya watu, nyeusi ya kazi. Anaitika vizuri kabisa. Ikilia yoyote, ananyanyua iliyo karibu na mkono.

Sababu naijua. Kaka yangu Edson hajapiga simu tangu tulipomzika Tata, mwaka wa tatu huu. Tata aliniachia mimi kibanja cha Kaagya, migomba na mibuni yote, akatamka mbele ya wazee wa ukoo. Mimi, binti. Edson ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, akaona ameaibishwa hadharani. Akahamia Ngenge, huko Muleba, kulima. Mimi sina hamu ya kusikia sauti yake. Anayeisubiri ni Mae.

Jumanne, 5 Novemba

Jirani yetu Ma Winifrida amerudi kutoka Ngenge alikokwenda kumwona binti yake. Amekutana na Edson kanisani. Salamu nyingi, na ujumbe: Jumamosi atakwenda Muleba mjini gulioni, kutoka huko atampigia Mae. Ngenge kwenyewe hakuna simu wala mtandao.

Mae amepika ndizi na senene kana kwamba mgeni yuko mlangoni. Ameniuliza mara tatu Jumamosi ni lini.

Nikawaza: siku hiyo Edson akipiga, Mae atanyanyua nyeusi. Atasema na mluzi, kijani italia mpaka inyamaze, kisha nitalaumiwa mimi. Basi. Nitaondoa simu moja. Ibaki simu moja tu, na kisanduku chenye swichi ya kuchagua laini, na taa ndogo kwa kila laini ili ijulikane ipi inaita. Nafundisha fizikia. Kama nashindwa kuunganisha waya nne, nirudishe cheti.

Alhamisi, 7 Novemba

Wiki ya kuudhi.

Fundi redio wa sokoni hana swichi ninayoitaka. Nilitaka yenye vituo viwili, juu na chini. Aliyonayo ina vitatu. Juu, laini ya nyumba. Chini, laini ya kazi. Katikati, hewa: simu haiungwi na laini yoyote. "Usiiweke katikati, Mwalimu," akaniambia. Ushauri mkubwa huo. Nimeichukua.

Nimefunga kila kitu ndani ya kopo la blubendi. Laini ya kazi ikaita nikiwa nimeshika kopo. Nimepigwa shoti hadi bisibisi ikarukia chini ya kabati. Watu hawajui kwamba simu inapoita ile waya inauma. Mimi nilijua, wanafunzi wangu nawafundisha, na bado nimeshika kopo la bati. Mpumbavu.

Mae aliona yote. Akaenda chumbani, akarudi na kisanduku cha mbao cha Tata, alichokuwa akiweka wembe, kioo na kipande cha shabu. Akavitoa, akavifunga kwenye leso, akanipa kisanduku. "Hiki hakitakuuma," akasema.

Nimetoboa matundu ya swichi na taa. Bado kinanukia sabuni yake ya kunyolea. Nilitamani nilie lakini waya zilikuwa zinanisubiri.

Ijumaa, 8 Novemba

Kinafanya kazi! Nimekimbia hadi kwa Ma Winifrida, nikaomba simu yake, nikapiga laini ya kazi. Nikakimbia kurudi. Taa ya chini inametameta rangi ya chungwa, ile taa niliyoing'oa kwenye testa. Swichi chini, nyanyua, ongea. Swichi juu, uko laini ya nyumba. Safi. Faksi nayo iko peke yake kule chumba cha pili, haihusiki na mtu.

Nimemfundisha Mae. Mpaka Jumamosi iishe, swichi inakaa juu. Simu ikilia ni Edson. Taa ya chini ikiwaka ni kazi, iache. Usiguse swichi. Amerudia yote bila kosa. Nikajisifu kimoyomoyo.

Saa moja baadaye nimepita sebuleni. Kisanduku kimevikwa kitambaa.

Kitambaa cheupe cha kufuma, maua ya njano pembeni. Lini amekifuma? Sebule hii haina kitu kilicho uchi. Redio ina chake, termosi ina chake, kila kochi lina vitatu, hata kalenda aliishonea pindo. Nimemwambia Mae taa hazitaonekana. Akasema kitu cha Tata hakiwezi kukaa mbele ya wageni hivyo hivyo, kama kimetoka gereji. Nimekitoa. Nimeoga, nimerudi, kitambaa kipo. Nimekitoa tena. Wakati wa chakula kipo. Nimechoka kubishana na mama wa miaka sabini na kitu juu ya uzi. Angalau simu ikilia atasikia, kitambaa hakizibi masikio.

Jumamosi, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mae aliamka mapema, akavaa gauni la kanisani na kilemba. Kwa simu. Akapanga mapambo yote upya, akakipangusa kisanduku vumbi, akakifunika, akakaa. Mimi nikaenda chumba cha pili, nilikuwa na ratiba ya harusi ya kuchapa. Faksi mbili ziliingia kama kawaida, kwa hiyo sikushuku chochote.

Mchana kimya. Akakataa kula, mdomo usije ukajaa Edson akipiga. Alasiri kimya. Nilipita mara kwa mara, namkuta mikono magotini, anaitazama simu. Nikaanza kumchukia Edson upya. Nikasema moyoni, ameshauza mahindi yake, amekunywa rubisi, amesahau.

Jioni jua likiwa limeshuka sebule ikawa na giza kidogo. Nikaona kitambaa kinawaka. Kwa chini, rangi ya chungwa, kinawaka na kuzima. Simu haikulia hata mara moja.

Nimekivuta. Tundu moja la ule ufumaji lilikuwa limenasa kwenye kijiti cha swichi, likakivuta. Swichi iko katikati. Taa ya juu, laini ya nyumba, inametameta. Niliposukuma swichi juu, taa ilikuwa imekwisha kuzima. Nikanyanyua: mlio wa laini tupu.

Siku nzima. Huenda amepiga siku nzima.

Nilipiga kelele. Nimemwambia Mae maneno ambayo sitayaandika hapa. Vitambaa, vitambaa, vitambaa! Kisha akasema kwa Kihaya, taratibu, kwamba swichi nimeinunua mimi, kisanduku nimekitengeneza mimi, na kibanja ninacho mimi. Kwamba labda sikutaka kaka yangu asikike.

Amekwenda kulala na kilemba chake. Nimebaki na kisanduku. Ni kweli sikutaka kumsikia. Lakini hili sikulifanya. Mungu anajua sikulifanya.

Jumapili, 10 Novemba

Mae amekataa kwenda kanisani. Ameketi sebuleni, hasemi na mimi. Swichi nimeigandisha juu kwa utepe. Kitambaa nimekificha jikoni.

Karibu saa tano nimesikia gari limesimama nje. Kisha sauti za wanaume, za chini, za watu wenye adabu. Nimefungua mlango. Mikungu miwili ya ndizi, debe la maharage, mzigo wa kuni. Wazee wawili nisiowajua wameshika turubai. Mbele yao Edson, amevaa koti jeusi, ameota mvi, macho mekundu.

Akanishika mabega. "Dada, mmemweka wapi?"

Sikuelewa. Nikadhani anauliza habari za Tata. Kisha nikaona turubai, nikaona kuni, nikaelewa yote kwa mpigo. Amepiga simu mchana kutwa kutoka Muleba, inaita, haipokelewi. Nyumba yenye bibi ambaye hatoki, simu inaita haipokelewi. Kwa watu wetu hiyo ina maana moja tu: wamekwenda kuzika. Hakurudi Ngenge. Amechukua wazee wa kanisa waliokuwa naye gulioni, amenunua vitu vya msiba, wamelala Muleba, wamepanda gari la kwanza.

Nikasogea tu pembeni ya mlango.

Mae alikuwa kwenye kochi, anafuma. Akainua macho akasema, "Umechelewa. Nimekungoja tangu jana."

Edson alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, mtu mzima na koti lake, akalia kwa sauti hadi Ma Winifrida akaja mbio na kanga kichwani, naye akidhani kuna msiba. Wale wazee walisimama na turubai hawajui waliweke wapi. Mmoja akasema, "Waitu, jamani, tunamshukuru Mungu," akaliweka nyuma ya mlango. Nimecheka. Nimecheka vibaya, mpaka nikalia mimi pia.

Tumepika zile ndizi na yale maharage, tukatumia zile kuni. Tumekula msiba wa Mae, na Mae akaomba kuongezwa.

Jumanne, 12 Novemba

Edson ameondoka leo. Jana tulikwenda wote wawili Kaagya. Alikagua migomba, akanilaumu kwamba siipunguzii machipukizi, na ni kweli. Juu ya kibanja hatukusema mengi. Alichukua miche kadhaa ya ndizi akapande Ngenge, akaniomba kabla ya kuchimba. Hakulazimika kuniomba. Aliniomba.

Mae ameniambia lile neno la Jumamosi lilikuwa la njaa. Nimemwambia na yangu yalikuwa ya uchovu. Basi.

Kwenye gari Edson amesema atapiga kila Jumamosi ya gulio.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Shule kimya, wateja hawapo.

Nimepita sebuleni kuchukua chai. Mae kwenye kochi, gauni la kanisani, kilemba, anaangalia nje kwenye barabara. Kitambaa kiko juu ya mkono wa kochi, kimekunjwa vizuri, mbali na kisanduku. Utepe umebanduliwa. Swichi iko katikati.

Nilimwangalia. "Asipopokelewa anakuja," akasema, macho barabarani.

Nimemimina chai, nikakaa naye kidogo, nikainywa yote. Kisha nikaisukuma swichi juu.