Miwani ya Bi Mikogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa Mchapishaji. Stoo ya vitabu sasa ni studio! Kuta zote kaziziba kwa nakala za riwaya yangu ambazo hazikununuliwa, toka sakafuni hadi darini, ili milio ya pikipiki isiingie. "Mzee wangu, hakuna kinachozuia kelele kama kazi zako." Alisema kwa heshima. Nadhani.

Habari yenyewe: riwaya inageuzwa ya kusikiliza. Kwenye simu, kila siku sura moja. Jina pia kalibadilisha. *Kivuli cha Ukuta Usiokuwepo* eti linamchosha mtu kabla hajaanza. Sasa ni *Bi Mikogo*, yule bibi, mhusika wa pembeni tu. "Huyo ndiye mwenye kitabu," kasema. Mimi miaka yote nilidhani mwenye kitabu ni ukuta.

Nikakubali haraka haraka. Njiani ndipo nikakumbuka Bi Mikogo nilimtoa wapi.

Jumatano, 5 Machi

Bi Mikogo ni mama mkwe. Mzima mzima. Anakataa kiti hadi abembelezwe. Na mabishano yakimwendea kombo, anazimia — lakini kwanza anavua miwani, anaikunja, anaiweka mahali salama. Ndivyo alivyofanya siku tulipokataa jina alilomchagulia mjukuu wake. Nilimwandika bila wasiwasi, maana kwa ukoo huu ukitaka kuficha jambo, liweke kwenye riwaya. Nakala niliyompa iko kabatini kwake, bado ndani ya nailoni ya dukani. Mke wangu ya kwake anazuilia dirisha.

Na sasa mama mkwe yuko kwetu, tangu apasuliwe jicho. Kapewa miwani nyeusi. Kusoma marufuku, televisheni marufuku. Kusikiliza, ruksa!

Leo nilikuwa sebuleni nakagua sura ya kwanza kwenye simu. Nilisharuka utangulizi, hivyo jina langu halikusikika. Anayesoma ni mwigizaji mmoja wa kike; kwa sauti ile hata nukta zangu zinaonekana nilizifikiria. Mama mkwe akanyamaza — jambo geni. Ilipoisha: "Weka tena."

Nikaweka.

"Aliyetunga hii ana akili," akasema. "Na wewe baba, ungejaribu kuandika hivi."

"Nitajaribu, mama."

Jumamosi, 8 Machi

Sura ya nne. Tuna ratiba kabisa: saa kumi, chai, yeye kitini, mimi wa kubonyeza. Utangulizi nauruka kila siku. Anamcheka Bi Mikogo hadi anashika mbavu, anasahau kuwa mimi ni mkwe, ananipiga bega!

Nikiri humu ndani, hakuna anayesoma: nina furaha ya kitoto. Kitabu kile kiliwahi kusifiwa na mhakiki mmoja, tena ni rafiki yangu. Hakuna aliyewahi kucheka pale nilipotaka acheke. Mama mkwe anacheka hapo hapo! Hata kile kichekesho cha sufuria ambacho Mchapishaji alinisihi nikifute.

Halafu leo, katikati ya sura: "Huyu mwanamke namjua."

Chai ikanipalia.

"Huyu ni wifi yangu! Yeye kabisa!"

Wifi yake, yaani shangazi wa mke wangu. Hawajawahi kuiva chungu kimoja. Mke wangu akainuka kwenda jikoni. Nikamfuata, nikamkuta kaziba mdomo kwa taulo, machozi yanamtoka. Kumbe naye anasikiliza kwa siri!

"Ni mama yule! Siku akijua, utahamia studio."

"Angalau kuna vitabu vyangu."

"Vya kulalia."

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Mama mkwe kampigia simu Shangazi mwenyewe: njoo Jumatano, kuna hadithi inakuhusu. Jumatano ni sura ya nane. Ya kuzimia! Na Shangazi alikuwepo siku ile ya jina la mtoto.

Nikakimbia kwa Mchapishaji. Lile tukio la miwani, nikamwambia, likatwe.

"Likatwe? Mzee wangu, si ndilo tunalotangazia! Watu wanatumiana kipande hicho kutwa. Wanauliza kitabu cha pili kinatoka lini."

Cha pili! Nikasahau kilichonipeleka. Nikarudi nyumbani natabasamu peke yangu kama mwehu.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu ujanja. "Mama, mtandao unasumbua. Ya kesho huenda isitoke."

Akajiweka sawa kitini. Kisha, polepole: tangu apasuliwe, ndani ya miwani ile giza lote ni moja, hajui asubuhi wala jioni, ila saa kumi anaijua. "Huyo mtunzi, popote alipo, kanipa kitu cha kungojea."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Nikajikuta nasema mtandao utatengemaa.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa hapa sebuleni, kwenye kimeza cha pembeni ya kiti cha mama mkwe. Najifanya nasahihisha.

Shangazi kafika. Kakataa kiti cha kwanza, kakataa cha pili. Mama mkwe kanigonga kiwiko: unaona?

"Wifi, umepungua!" anasema Shangazi.

"Nimepungua maneno, wifi. Mwili upo."

Nimebonyeza. Ukumbi wa posa. Wanamkatalia Bi Mikogo mbele ya wageni. Mama mkwe anatikisa kichwa, anamgeukia wifi yake, anafurahi kweli kweli. Sauti inasoma: akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya redio —

"Weee!" Shangazi kasimama! "Wifi, si wewe huyu? Siku ya jina la mtoto! Si uliiweka juu ya redio!"

Jikoni mfuniko umeanguka.

Mama mkwe kaielekezea simu kidole. Kisha: "Rudisha."

Nimerudisha. Kidole kimeteleza — imerudi hadi mwanzo kabisa. "*Bi Mikogo*, riwaya ya…" na jina langu lote, na la baba yangu, na la babu. Sauti nzuri sana. Kila herufi inasikika!

Shangazi kakaa. Kiti cha kwanza.

Mama mkwe kanigeukia. Macho siyaoni, miwani nyeusi. Mdomo unamcheza, sijui ni kicheko kinakuja au nini. Mkono unapanda. Anaivua. Anaikunja, taratibu, upande mmoja, na wa pili. Redio tulishaitupa. Anapapasa hewani, ananinyooshea mimi.

"Hebu nishikie, mtunzi —"