Tumbo Iliyodanganya Watu

Jumanne, 6 Agosti 1996. Gachoka.

Sasa Bubu, daftari langu. Wewe tu ndiye huulizi mimba imefika miezi ngapi.

Leo nimefungua redio tatu, nimetengeneza moja. Kazi nimejifunza kwa kuharibu za watu. Tumbo inagonga meza nikiinama. Kwaya wamenitoa. Eti tumbo inaaibisha kanisa. Washindwe!

Mutwiri ndiye baba ya mimba. Mamake amekuja kutoka Muthara na kondoo ya kike, ya uchumba. Akaambia mami, "Huyu sasa ni wetu." Msichana wa kwanza ataitwa jina lake yeye. Wa pili ndio apewe jina la mami. Ashapanga kila kitu.

Maumivu upande wa kushoto. Simwambii mtu.

Ijumaa, 9 Agosti. Embu.

Mkojo unasema mimba. Skani inasema hakuna mtoto. Daktari akarudia. Hakuna.

Ni uvimbe kwa ovari ya kushoto. Kansa. Ya aina haionekani sana, na hushika wasichana. Ndio inadanganya kipimo cha mimba.

Nikacheka. Kweli nilicheka. Halafu nikatapika kwa sinki.

Jumatatu, 12 Agosti.

Wodi. Baba mdogo Njeru amekuja na koti ya mazishi. "Daktari, toa yote. Safisha kabisa." Kama tumbo ni ghala.

Daktari akasema akipata ya kulia iko safi, na nyumba ya mtoto iko safi, ataziacha. Kisha dripu za dawa kali. Aina hii husikia dawa. Lakini haahidi.

Nikaruka. "Baba mdogo, spika moja ikiungua unatupa redio?"

"Wewe si redio, msichana."

"Basi usiniongelee kama redio!"

Cucu mmoja, nyanya wa kitanda ya dirisha, akapiga makofi. "Huyo na hiyo mdomo? Hafi huyo!"

Mami hakucheka. Mimi ndio mtoto wake pekee. Nisipozaa, jina lake hakuna wa kulibeba. Na bado akasema, "Watoe yote. Jina langu likufe, wewe usikufe."

Hiyo ilinimaliza.

Nimetia sahihi mwenyewe. Watoe ya kushoto tu. Niko na kitambulisho, sihitaji mtu wa kunisainia. Naogopa. Kama nimekosea, ni mami atanizika.

Alhamisi, 15 Agosti.

Nimeamka. Kiu. Nikauliza kabla ya maji. Sista wa wodi akasema, "Ya kulia iko."

Nimelia kama mjinga.

Jumapili, 8 Septemba. Nyumbani.

Dripu ya kwanza imeisha. Nywele inabaki kwa mto.

Mamake Mutwiri amerudia kondoo. Hakuketi, hakuonja hata chai. "Mama, mlituonyesha tumbo. Kumbe ni ugonjwa." Kama tulimwekea mtego! Hospitali yenyewe ilidanganywa!

Mami akafungua kamba ya kondoo na mkono wake.

Mutwiri alikuwa kwa geti, anaangalia viatu. Kisha akavuta kondoo ya mamake. Namchukia. Nilitamani aangalie nyuma. Hakuangalia.

Ile kwaya ilikuja kuniombea baadaye. Sasa tumbo imerudi chini, naruhusiwa kuombewa. Nilijifanya nimelala.

Jumamosi, 9 Novemba.

Dripu ya mwisho. Masikio inalia. Chakula yote ni kama kulamba msumari. Daktari anasema damu inasoma vizuri. Mtoto nisubiri miaka miwili, kwa sababu kansa ikirudi hurudi mapema, na mimba itachanganya kipimo tena.

Nimemuuliza kama nitazaa. "Wengi huzaa." Wengi. Sijui kama mimi ni wengi.

Jumapili, 16 Februari 1997.

Hedhi imerudi asubuhi. Nilimwambia mami peke yake. Akaenda nje kupepeta ndengu. Nikamsikia anaimba.

Jioni Mutwiri akaja. Amekonda pia. Sijui nani alimwambia niko sawa. Aliomba msamaha, nafikiri ya ukweli. Akanishika mkono na sikuutoa. Hiyo ndio inaniudhi.

Halafu akaleta neno la mamake, "Mathe amekubali harusi. Lakini uzae kwanza."

Nikamwambia miaka miwili.

"Daktari si Mungu. Mathe hawezi ngoja. Mimi ningengoja."

Ningengoja. Anataka jibu Jumamosi.

Ameenda. Mami ameweka chai hapa mezani, amerudi jikoni. Mvua kidogo. Mkono bado una joto yake.

Bubu, wewe ungefanya nini?