Mchezo wa Mtu Nisiyemjua

Jumanne, Gatina

Bado sielewi kwa nini jambo dogo hivi linanitatiza. Kile kifaa kikuukuu cha gemu nilichoagiza Japani kwa bei rahisi kimefika salama. Nilipokiwasha, nilikuta mchezo wa mtu, pengine mtoto, umehifadhiwa ndani, na jina lake kwa maandishi nisiyoweza kuyasoma. Shujaa wake amesimama mlangoni pa nyumba, kana kwamba anamsubiri.

Kaseti ya gemu iliyomo ndani ina nafasi moja tu ya kuhifadhi mchezo. Binti yangu Nekesa akianza mchezo wake kesho, kama nilivyomwahidi, huo wa kwanza utafutika.

Nilimwuliza Akinyi, anayeuza makoti ya mitumba Soko la Toi, kama ni haki kuufuta. Alicheka mpaka wateja wakageuka.

"Pasta, huku kitu ukipata kwa mfuko ya koti ni yako! Ama unataka kuirudisha Japani?"

Sarafu ya mfukoni, nakubali. Lakini huu mchezo ni...

Mimi ninayewaeleza waumini kila Jumapili lipi la kushika na lipi la kuachilia, nilikizima kifaa bila kuamua. Kisha nikakiwasha tena, nione kama shujaa bado yupo mlangoni.