Lundo la Viatu Bangkok

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba, mwanangu. Goti langu bado linalalamika, na shangazi yako amehamia mtaa wa mbali, Fisksätra, kwa hiyo hapa Rågsved, Sweden, nimebaki peke yangu.

Unauliza, ndege yako ikisimama Bangkok kutwa nzima ukija kwangu kutoka huko Australia, utoke ukatembee au ukae uwanjani? Toka. Mimi nilitoka, ujanani, nikienda Australia kumwona dada yangu. Nilikuwa mgeni Sweden, na tangu nifike hakuna aliyewahi kunigongea mlango. Wasafiri wenzangu walikwenda hekaluni kutazama sanamu ya dhahabu, nikawafuata. Sanamu sikuiona. Mlangoni palikuwa na lundo la viatu, kandambili juu ya kandambili, vya watoto na vya wazee, kama kwetu Tanga siku ya hitima. Nikakaa kando yake mpaka saa ya kuondoka. Mama mmoja akadhani mimi ndiye mlinzi, akanionyesha vyake. Nikampa kwa mikono miwili.

Ukifika, viatu vyako usivipange kabatini. Viache vizagae mlangoni, nipate mtu wa kumgombeza.

Bibi yako,
Mwanaidi