Kasha B Halipungui

Jumatatu, 3 Machi

Nimehesabu glavu. Zimetimia. Siku glavu zikitimia hospitali hii najua kuna kingine kinachopungua.

Leo yamekuja makasha matatu ya spekulamu za plastiki, vifaa vya kupimia mlango wa kizazi, zile za kutumia mara moja na kutupa. Kwa miaka yote tumetumia za chuma, zenye umbo la mdomo wa bata, baridi kama bomba la asubuhi. Sasa Metroni anataka za kutupa kwa kliniki ya akina mama. Kampuni tatu zimeleta sampuli. Mutua wa manunuzi amefunika majina yao kwa utepe mweusi, akaandika A, B na C, ili kamati isichague kwa urafiki. Manesi watazitumia wiki moja na kujaza fomu kwa kila mgonjwa. Kamati inakaa Alhamisi ya wiki ijayo.

Nimezijaribu mwenyewe mezani. A ina kingo za kukwaruza. C haishiki, ukiifungua inarudi yenyewe. B ni safi kama glasi, inafunguka bila kelele na inakaa pale ulipoiacha. Mimi si nesi. Niliingia hapa kukata nyasi. Lakini nimesoma maandishi ya kila kasha lililopita stoo hii, na kasha huwa halidanganyi sana.

Nimebandika tangazo kwenye mlango wa kliniki: SAMPULI ZOTE ZIRUDISHWE STOO ZIKIWA SAFI NA KAMILI. Sahihi yangu na muhuri. Bila muhuri watu hawa hawarudishi hata ngazi.

Mutua amekuja stoo mara mbili. Mara ya pili alisema amekuja kusalimia tu. Hakuna mtu anayesalimia stoo.

Jumatano, 5 Machi

B inasifiwa. Manesi wanasema akina mama hawakazi miguu wala hawashiki ukingo wa kitanda. Mmoja aliuliza kama wameshaanza, na walikuwa wamemaliza.

Mutua tena. Leo amenisalimia kwa Kikamba na kuuliza habari za nyumbani Machakos. Tumefanya kazi jengo moja miaka minne, hajawahi kukumbuka kwamba nina nyumbani. Kisha, kana kwamba limemjia hivi hivi: "Mama Stoo, kwani ufunguo wa kabati la sampuli unakaa na nani?"

Unakaa na mimi. Shingoni.

Ijumaa, 7 Machi

B imevunjika. Ndani ya mtu.

Si vibaya sana, kasema Metroni. Ufa tu kwenye ulimi wa chini. Lakini ulimbana yule mama, akapiga kelele hadi benchi la nje likanyamaza. Wawili waliokuwa wakingoja walichukua mikoba yao wakaenda.

Hao wawili ndio wananiuma. Dada yangu Mbithe alipimwa mara moja maishani, kwa chuma, na mtu mwenye haraka. Aliumia, hakurudi. Saratani ya mlango wa kizazi ilipoonekana, ilikuwa inaonekana hata bila kupimwa. Kila ninaposikia mwanamke amechukua mkoba akaenda, namwona Mbithe kwa mgongo, akienda.

Na mimi? Miaka mitatu nabeba kadi ya kliniki kwenye pochi. Kliniki iko hatua arobaini kutoka kiti changu. Nimezihesabu.

Wameniletea iliyovunjika kwenye bakuli. Si ile ya Jumatatu. Ile ilikuwa glasi, hii ina ukungu kama dirisha la jikoni, na ina harufu ya bwawa la kuogelea. Kifungashio chake cha karatasi kimefungwa kwa utepe mweupe, nadhifu kabisa.

Nikahesabu fomu. Wanawake kumi na mmoja wamepimwa kwa B. Nikahesabu kasha. Lilikuja na ishirini. Ndani zimo kumi na tisa, na hii ya bakuli ya ishirini.

Nikahesabu tena. Ishirini. Kasha A limepungua, kasha C limepungua. Kasha B linatumika na halipungui. Miujiza naiamini, lakini si ya plastiki.

Mtu anajaza mbovu humo ili B ianguke.

Nimemwambia Metroni aondoe kasha lile. Kaliondoa pamoja na iliyovunjika, atampelekea Mutua na kuomba lingine. Sikumwambia hesabu. Bado simjui adui.

Namjua kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa mjini kununua kitambaa cha pazia. Nikamwona Mutua, na mfuko wa karatasi kwapani, akiingia jengo lenye maduka ya vifaa vya hospitali. Jumamosi! Mtu anayeishi mtaa wa Jamhuri, mbali na mjini, na kusema miguu inamuuma akitembea hadi kituoni.

Nilisimama ng'ambo kwenye meza ya viatu, nikajifanya nachagua ndala. Muuzaji alinichoka: "Mathee, hiyo umeijaribu mara tano. Si uioe tu?" Nikainunua ili anyamaze. Ni ya kijani. Sina nguo ya kijani.

Mutua alitoka baada ya nusu saa. Bila mfuko.

Pazia sikununua.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mahubiri yalikuwa juu ya kusamehe. Nimeahirisha.

Jumanne, 11 Machi

Kasha jipya la B limefika, limefungwa kiwandani. Mutua alilileta mwenyewe, akasimama kuniangalia nikilipokea. Mimi nikamwangalia akiniangalia. Tulikaa hivyo kama paka wawili juu ya ukuta.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikatoa rangi ya kucha ya binti yangu na kuweka tone dogo jekundu kwenye kona ya kila karatasi. Ishirini. Mbovu zikiingizwa hazitakuwa na tone. Kisha nikampa nesi kasha.

Kamati ni keshokutwa. Fomu zikiisha hivi, C itashinda, ile isiyoshika. Miaka miwili ya mkataba wa C. Nawaona wenye mikoba.

Jumatano, 12 Machi

Nilifika mapema kuliko mlinzi alivyopenda. Jana wamepimwa sita kwa B, fomu ninazo. Nikafungua kasha la kliniki kabla nesi hajaingia.

Ishirini. Zote zina tone.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kumkamata mtu anayeleta za nje. Sikuwa nimejiandaa kwa zile zile kurudi.

Nikazigeuza moja moja. Karatasi sita zilikuwa zimekatwa ncha na kufungwa tena kwa ule utepe mweupe, mwisho wake umekunjwa pembe ndogo ili kidole kipate pa kushika. Jengo zima hili ni mtu mmoja anayekunja pembe hiyo. Manesi hawakushtuka kwa sababu wamefungua vifurushi vya mkono ule tangu waajiriwe.

Awinja. Chumba cha kusafishia vifaa. Miaka ishirini na sita.

Nikamkuta na birika linachemka na beseni la klorini. Dirishani, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na alama sita za vitu vilivyokaukia hapo.

Alifurahi kuniona. "Karibu, Mama Stoo. Nilikuwa nakuja kwako kuomba msamaha."

Nikasema, haya, sema.

"Za A na za C sijaweza kukurudishia. Zikiguswa na maji moto zinajikunja kama maandazi. Nimetupa, nimeona aibu. Lakini za B zinavumilia, bana! Nazirudisha zote kwenye kasha lake, kila asubuhi, safi na kamili. Si ndivyo umeandika?"

Ndivyo nilivyoandika. Sahihi yangu na muhuri.

Nilikuwa na maana ya zile ambazo hazijatumika. Nilidhani kila mtu anajua. Lakini huyu ni mtu aliyerudisha kila mkasi wa hospitali hii kwa miaka ishirini na sita, na mimi ndiye niliyekuwa namfokea ukipotea mmoja. B ilipasuka kwa sababu ilichemshwa, na ilichemshwa kwa sababu ndiyo nzuri. Kosa lake lilikuwa kuvumilia.

Nilipomweleza, alizima birika. Akauliza jambo moja tu: "Nimemdhuru mtu?"

Klorini na birika si usafishaji wa kitu kama kile. Tukaenda pamoja kwa Metroni. Yeye alizifungia sampuli zote ofisini, akachukua fomu, akaanza kuwapigia simu wanawake wote waliopimwa kwa B, mmoja mmoja, warudi waangaliwe. Sauti yake ilikuwa tulivu.

Kisha nikaenda kwa Mutua, nikiwa na ndala zangu za kijani, kumwambia nilikuwa namshuku. Hakushangaa. Alifungua droo akatoa daftari. Ukurasa wa kwanza: "Mama Stoo anajaribu B peke yake, mlango nusu wazi." Wa pili: "Ufunguo shingoni. Kwa nini?" Mjini alikuwa amewapelekea wauzaji wake B ileile iliyopasuka, kuwauliza kama mtu anaweza kuwa amebadilisha. Mtu, maana yake mimi.

"Na jana ulifunga mlango," akasema. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Napaka kucha."

Akaandika.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nilibandua tangazo. Nikalikunja mara nne, nikaliweka kwenye sidiria. Nilijiambia ni ili lisichanganye watu. Uongo. Awinja anastaafu Desemba, na mimi nina miaka kumi mbele. Bila karatasi ile ni neno lake kwa neno langu, na mimi naongea vizuri kuliko yeye.

Kwenye kamati, Mkurugenzi alimuuliza Awinja nani alimwagiza. Awinja akatazama mikono yake. Hakunitaja. Angeweza, na hakunitaja.

Nikatoa karatasi, ikiwa na joto langu, nikaikunjua mezani mbele ya watu sita. Muhuri ulionekana vizuri sana.

Nimepewa barua ya onyo, ya kwanza maishani. Imepigwa chapa vizuri. Awinja anabaki hadi Desemba yake. Fomu za B zimefutwa, manesi watajaribu upya mbele ya Metroni. Sharti jipya ni pipa la kukanyaga kwa mguu kando ya kitanda, na kila spekulamu ivunjwe mpini kabla mgonjwa hajashuka. Awinja ndiye atakayesimamia kuvunja. Aliomba mwenyewe.

Wanawake waliopatikana kwa simu ni wote isipokuwa wawili. Metroni amewatumia mtu nyumbani, mmoja Riruta, mwingine hajulikani alikohamia.

Jumanne, 25 Machi

B imechaguliwa. Yule wa pili amepatikana. Majibu yaliyorudi hadi sasa ni mazuri, mengine bado.

Nilitoka kwenye kiti saa tatu. Hatua arobaini. Kwenye benchi, mbele yangu, alikuwa ameketi yule mama aliyebanwa. Mkoba magotini. Aliitwa, akasimama, akaingia. Nikahesabu dakika. Akatoka akifunga kilemba, akaniambia, "Ingia tu, mama."

Nililala. Niliitazama karatasi. Haikuwa na utepe mweupe. Nesi akaichana.

Niliuliza kama wameshaanza.

Kisha Awinja akaipokea spekulamu, akaishika kwa mikono miwili, akatazama pembeni, akaivunja. Pipa likafunguka, likafunga.

Nikavaa ndala zangu, nikarudi stoo. Glavu zimepungua jozi moja.