Bata wa Kijani

Cicero, 3 Februari 1975

Mwanangu Halina,

"Mchezo hauwi wa video mpaka picha yake ije kwa mawimbi ya televisheni, vingine vyote ni vifaa vya maabara." Umeyaandika hayo katika jarida lako, chini ya jina la ukoo nililokupa mimi. Huku hatujambo, mama yako anakohoa tu.

Sasa nikujibu. Video ni Kilatini: naona. Nimetumikia misa kwa Kilatini kabla hujazaliwa, usinifundishe. Wanaocheza baani hawafungui mashine kukagua nyaya ndipo waipe jina. Wameona mwanga, wameusukuma, umewatii, basi. Mwaka 1957, siku ya wageni pale maabara, nani alimkimbiza bata wa kijani, ile nukta ya mwanga niliyoifanya mchezo kwenye kioo changu cha duara cha kupimia umeme?

Wenye maonyesho ya michezo ya video kule Chicago wanafuata maana yako. Ukiikana mashine yangu haitaingia, nami sina kingine cha kuacha duniani.

Baba yako

San Jose, 20 Februari

Baba, shikamoo. Mpe mama pole.

Kilatini hakiwashi mashine. Kama kila kinachoonekana ni video, basi na dirisha la jikoni ni video. Jina hili limezaliwa juzi, kwa watu walioingiza televisheni baani. Wewe na nukta yako mlikuwa mmelala. Mhamishie bata wako kwenye televisheni, halafu tuzungumze.

Binti yako

Cicero, 11 Mei

Halina mwanangu, u mzima? Kikohozi cha mama yako kimeshuka, hasira ndiyo imepanda: nimechukua televisheni yake. Kioo cha zamani kilivunjika nilipokichomoa, na nyaya zake nimezitupa, lakini bata anaogelea. Padri Bronisław alikuja kubariki nyumba, akacheza mpaka supu ikapoa. Nimewaandikia wenye maonyesho waje kuichukua.

Baba yako, mshindi

San Jose, 2 Juni

Baba, shikamoo. Natumaini mama anapumua vizuri.

Waliniuliza, nikawaambia ukweli. Mashine iliyobadilishwa mwaka huu ni ya mwaka huu, na za mwaka huu wanazo tele, tena nzuri kuliko yako. Ile ya kioo cha duara walitaka kuiweka mlangoni, kama babu wa ukoo. Waliamua tangu Machi. Sikukuandikia; nilidhani utani wangu wa kumhamisha bata umeuelewa. Picha yake ya zamani hunayo?

Binti yako

Cicero, 9 Juni

Halina,

Picha sina. Salamu mama yako atatuma akipenda.

Wewe, na wahariri wenzako mnaopima maneno kwa nyaya: mwezi ujao ichapeni tena maana yenu, na chini yake chapeni jibu la mtu mmoja tu. Siku ile ya wageni mtoto wa miaka sita alimkamata bata, maabara nzima ikampigia makofi, akalia alipoondolewa kitini. Mwulizeni alikuwa anacheza nini. Yuko ofisini mwenu.

Zygmunt Pakula